Jinsi ya kupima kama nyuropeptidi inaotesha neva za kiinitete: mwongozo kamili

Swali "je, peptidi hii hukuza neva?" halijibiki likiachwa hivyo. Chukua PACAP, peptidi iliyotengwa mwaka 1989 kutoka kwenye hipothalamasi za kondoo katika maabara ya Akira Arimura. Ukiziwekea seli tangulizi za gamba la ubongo wa kiinitete cha panya, zinaacha kugawanyika na kuanza kugeuka nyuroni. Ukiziwekea seli tangulizi za neva za simpathetiki (neva zinazoendesha viungo vya ndani bila hiari), nazo ni za kiinitete cha panya vilevile, zinagawanyika zaidi. Mwaka 2001 Nicot na DiCicco-Bloom walionyesha chanzo cha mgongano huo: kipokezi cha PACAP, kiitwacho PAC1, kina maumbo kadhaa, na seli za kila upande zilikuwa na umbo lake. Walipoziingizia seli za gamba umbo lile la simpathetiki, nazo zikaanza kugawanyika.

Basi maswali ya kubeba kutoka mwanzo hadi mwisho ni matatu: seli gani, siku gani ya ukuaji, kipokezi gani. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi au mtafiti anayeanza, mwenye maabara ya kuoteshea seli yenye kabineti ya hewa safi, inkubeta ya kaboni dioksidi na hadubini ya fluoresensi. Mfano wetu ni ganglia, yaani vifundo vya seli za neva, za hisia za kiinitete cha kuku, na peptidi ni PACAP. Ukitaka peptidi nyingine, mpango ni uleule. Vizuizi, yaani dawa za kufunga kipokezi, ndivyo vinavyobadilika.

Hatua ya 1: Ujue unachokiongeza

Nyuropeptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino. Enkefalini zina 5, dutu P ina 11, VIP ina 28, nyuropeptidi Y ina 36, na PACAP ile ndefu ina 38. Seli huitengeneza kwanza kama protini ndefu, kisha vimeng'enya huikata ndani ya vifuko hadi ibaki peptidi yenyewe. Ikishatoka nje haifungui mlango wa ioni papo hapo kama glutamati inavyofanya. Mara nyingi inashika kipokezi kilichounganishwa na protini G (protini ya kupitisha ujumbe ndani ya seli), halafu kiwango cha cAMP (molekuli ndogo ya ujumbe) au cha kalisi ndani ya seli kinabadilika kwa sekunde au dakika, na jeni zinaitikia baada ya saa kadhaa. Ndiyo maana matokeo ya dakika 10 na ya siku 2 yanaweza kuwa mambo mawili tofauti kabisa.

Katika kiinitete, peptidi nyingi na vipokezi vyake huonekana kabla sinapsi hazijaundwa. Hapo hakuna ujumbe wa kupitisha kati ya neva na neva, kwa hiyo kazi yake ni nyingine: kusema gawanyika, simama, hama, ota, au endelea kuishi.

Usiichanganye na NGF, kichocheo cha ukuaji wa neva, ile iliyowapa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen tuzo ya Nobel mwaka 1986. NGF ni protini kubwa na inatumia kipokezi cha aina nyingine, TrkA. Hapa tutaitumia kama kipimo cha kulinganishia, kwa sababu ganglia za kuku za siku ya 8 huiitikia kwa nguvu: ndani ya saa 24 hivi pande lote la ganglia huzungukwa na duara zito la nyuzi. Usipoliona duara hilo kwenye kundi la NGF, usisome matokeo ya peptidi. Tatizo liko kwenye seli au kwenye sahani.

Hatua ya 2: Amua ni ukuaji upi

Hapa ndipo kazi nyingi hupotelea, tena kabla hata yai halijapasuliwa. Neno "ukuaji" linabeba angalau matukio manne, na kila moja lina kipimo chake.

Kugawanyika kwa seli tangulizi hupimwa kwa EdU au BrdU, kemikali zinazoingia kwenye DNA mpya, au kwa kingamwili ya Ki-67, protini ya seli zinazogawanyika. Mfano wa breki ni met-enkefalini, ambayo utafiti wa Ian Zagon na Patricia McLaughlin umeieleza kama kizuizi cha mgawanyiko wa seli. Kuhama ni tukio la pili. Nyuroni zinazotengeneza GnRH, homoni inayoanzisha balehe, huzaliwa eneo la pua na kutembea hadi hipothalamasi, na safari hiyo ikikwama mtu anaweza kuzaliwa na ugonjwa wa Kallmann: hanusi, na balehe haiji yenyewe. Kuendelea kuishi ni la tatu, na hupimwa kwa kaspasi-3 iliyoamshwa, kimeng'enya cha seli inayokufa, au kwa kuhesabu tu seli zilizobaki. La nne ni kuota kwa vichipukizi, yaani nyuzi changa ambazo bado hazijawa aksoni wala dendriti.

Mwongozo huu unapima la nne. Lakini la tatu litakufuata. Peptidi ikiokoa seli ambazo zingekufa, jumla ya vichipukizi kwenye sahani itaongezeka hata kama hakuna seli hata moja iliyoota zaidi ya kawaida. Dawa yake ni mbili na zinatumika pamoja: weka NGF kidogo, kiasi kilekile, kwenye visima vyote ili seli ziishi sawasawa, kisha pima urefu kwa kila nyuroni iliyo hai, wala si kwa eneo la sahani.

Hatua ya 3: Thibitisha kipokezi kabla ya kuagiza peptidi

Toa RNA kwenye ganglia za umri uleule utakaoutumia, ufanye RT-PCR (kipimo cha kuona jeni ipi inatumika) ya PAC1 na ya VPAC1 na VPAC2, vipokezi vingine vinavyoshika PACAP. Kwa PAC1, chagua praima zinazozingira sehemu inayobadilika ya kipokezi ili uone ni umbo gani lipo. Fanya hivyo kwa siku tatu au nne tofauti za kiinitete, kwa mfano ya 6, ya 8, ya 10 na ya 12. Kipokezi ambacho hakipo siku ya 6 na kipo siku ya 10 tayari kimekupa jaribio zuri: peptidi inapaswa kufanya kazi siku ya 10 na kushindwa siku ya 6.

PCR haikuambii ni seli ipi yenye kipokezi. Ganglia ina nyuroni, seli za Schwann (zinazozungushia nyuzi za neva), seli saidizi nyingine na fibroblasti (seli za tishu unganishi). Kwa hilo fanya mseto wa RNA kwenye vipande vya tishu, unaoonyesha ni seli gani zenye RNA ya kipokezi. Kingamwili za vipokezi vya aina hii nyingi haziaminiki. Mimi nisingejenga hoja juu ya rangi ya kingamwili peke yake.

Hatua ya 4: Tayarisha peptidi kwa uangalifu wa kupita kiasi

Unga ulioandikwa miligramu 1 kwa kawaida hauna miligramu 1 ya peptidi. Ndani yake mna maji na chumvi, mara nyingi ya asidi ya trifluoroasetiki. Soma cheti cha bidhaa utafute kiasi halisi cha peptidi. PACAP yenye asidi amino 38 ina uzito wa molekuli wa takriban 4534. Kama cheti kinasema asilimia 80, chupa yako ina miligramu 0.8, sawa na nanomoli 176 hivi. Ukiiyeyusha kwenye mililita 1.76 unapata mikromola 100. Anayesahau hesabu hii na kumimina mililita 2.2 atafanya majaribio yote kwa dozi iliyopungua kwa moja ya tano, kisha ashangae namba zake hazilingani na za wengine.

Acha chupa ifike joto la chumba kabla ya kuifungua, isivute unyevu. Yeyusha kwa maji safi yasiyo na vijidudu, au asidi ya asetiki hafifu ikiwa peptidi haiyeyuki. Gawa mafungu madogo ya matumizi ya mara moja na uyahifadhi kwenye nyuzi joto −80. Usigandishe tena kilichoyeyuka. Dutu P, VIP, PACAP na met-enkefalini zote zina methionini, ambayo huoksidika kwa urahisi.

Kuna mtego mwingine usioonekana: peptidi hujishika kwenye kuta za plastiki na kioo. Kwenye dozi za nanomola, sehemu kubwa inaweza kubaki kwenye kichupa. Tumia vichupa visivyonasa, na uongeze albumini ya ng'ombe asilimia 0.1 kwenye kimiminika cha kuzimulia. Dozi zimuliwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Andaa vioo, yai na ganglia

Kazi ya kuku wa kiinitete nayo ina kanuni zake. Wasiliana na kamati ya maadili ya taasisi yako kwanza, hata kama viinitete vya umri huu havihitaji kibali unapofanyia kazi.

Siku ya kwanza funika vioo vidogo vya mviringo kwa poli-D-lisini, mikrogramu 100 kwa mililita, muda wa saa 1. Suuza mara tatu kwa maji, acha vikauke. Kisha weka laminini, protini ambayo nyuzi za neva hushikilia, mikrogramu 10 kwa mililita, saa 2 kwenye nyuzi joto 37, na hii usiiache ikauke. Laminini yenyewe huotesha nyuzi kwa nguvu. Ukikuta kundi lisilo na peptidi limeota kiasi kwamba hakuna nafasi ya kuongezeka, punguza laminini kabla ya kuilaumu peptidi.

Mayai yenye mbegu yaatamiwe kwenye nyuzi joto 37.5 hadi 38, unyevu wa takriban asilimia 60, yakigeuzwa mara kwa mara. Kuku huanguliwa siku ya 21, lakini siku za kalenda hazitoshi: mayai ya kundi moja hutofautiana kwa saa nyingi. Linganisha kila kiinitete na hatua za Hamburger na Hamilton, orodha ya hatua 46 iliyochapishwa mwaka 1951 ambayo bado ndiyo kipimo cha kila mtu. Siku ya 8 ni hatua ya 33 au 34 hivi. Angalia umbo la mguu, bawa na mdomo. Kiinitete kilichochelewa kitoe kwenye jaribio.

Pangusa yai kwa ethanoli ya asilimia 70, lifungue upande butu wenye nafasi ya hewa, mtoe kiinitete kwa kibano kilichopinda na umkate kichwa mara moja. Mlaze chali kwenye mmumunyo baridi wa chumvi, chini ya hadubini ya kupasulia. Ondoa matumbo, moyo, ini na figo hadi uuone uti wa mgongo ukiwa wazi. Pembeni mwake, kila upande, kuna safu ya vifundo vyeupe vinavyong'aa kidogo: hizo ndizo ganglia za hisia. Za kiunoni, zinazohudumia mguu, ni kubwa zaidi na ndizo rahisi kwa anayeanza. Zing'oe kwa vibano viwili vyenye ncha kali sana, ukate mizizi ya neva iliyoning'inia. Usizifananishe na mnyororo wa simpathetiki, ambao uko mbele zaidi na una vifundo vidogo. Huo ni tishu nyingine, na kama tulivyoona kwa PACAP, jibu lake linaweza kuwa kinyume.

Sasa una njia mbili. Unaweza kupanda ganglia nzima, jambo rahisi linalokupa duara la nyuzi, lakini ndani yake seli zote zinazungumza. Au unaweza kuzitawanya: tripsini asilimia 0.25 kwa dakika 10 hadi 15 kwenye nyuzi joto 37, isimamishe kwa seramu, zungusha kwenye sentrifuji taratibu, kisha pitisha tishu kwenye pipeti ya kioo iliyolainishwa ncha kwa moto, mara 10 hivi, bila kutoa mapovu. Mimina seli kwenye sahani ya plastiki isiyofunikwa kwa saa 1 au 2. Fibroblasti na seli nyingi saidizi zitashika chini, nyuroni zitabaki zinaelea. Panda nyuroni hizo chache chache, takriban 5,000 kwa sentimita ya mraba, ili nyuzi za jirani zisiingiliane wakati wa kupima.

Mimi naanza na ganglia nzima kuona kama kuna chochote, kisha natawanya ili kujua kinatoka wapi.

Hatua ya 6: Dozi na makundi

Tumia kimiminika kisicho na seramu, chenye virutubisho vya N2. Seramu ina vimeng'enya vinavyokata peptidi, na hata seli zenyewe zinavyo kwenye utando wake. PACAP, VIP na enkefalini hazidumu, kwa hiyo ongeza dozi upya kila saa 12 badala ya kuweka nyingi mara moja.

Anza na 0.1, 1, 10, 100 na 1000 nanomola. Usiruke dozi ndogo. Vipokezi vya protini G vikizidiwa hujiondoa kwenye utando, hivyo mchoro wako unaweza kupanda hadi nanomola 10 na kushuka tena kwenye 1000. Aliyejaribu dozi kubwa peke yake ataandika kwamba peptidi haina kazi. Zimua kila dozi ili iingie kwenye kisima kwa uwiano uleule wa 1 kwa 1000, na kimiminika cha kuyeyushia kiwe sawa kwa wote.

Makundi yasiyokosekana ni haya:

- kimiminika cha kuyeyushia bila peptidi;
- NGF nanogramu 50 kwa mililita;
- PACAP katika dozi zote;
- peptidi yenye asidi amino zilezile zilizovurugwa mpangilio;
- VIP katika dozi zilezile;
- PACAP pamoja na kizuizi PACAP6-38, na kizuizi hicho peke yake.

VIP imo kwa sababu maalumu. VPAC1 na VPAC2 huzishika PACAP na VIP karibu sawa, lakini PAC1 huishika PACAP kwa nguvu zaidi ya mara mia kuliko VIP. Zikifanya kazi sawa kwenye nanomola chache, fikiria VPAC. PACAP ikifanya kazi na VIP ikikaa kimya hadi dozi za juu, fikiria PAC1. Kizuizi PACAP6-38 peke yake hakitoshi kuamua, maana kinafunga PAC1 na VPAC2 pia. Kwa uthibitisho kuna maksadilani, protini ndogo kutoka kwenye mate ya nzi-mchanga Lutzomyia longipalpis, ambayo huiamsha PAC1 bila kuzigusa VPAC. Ithibitishe kwanza kwenye kipokezi cha kuku. Dawa nyingi za aina hii zilipimwa kwa vipokezi vya mamalia.

Kwa peptidi nyingine, vizuizi vinavyojulikana ni naltreksoni kwa opioidi, kama enkefalini, na BIBP3226 kwa kipokezi Y1 cha nyuropeptidi Y.

Hatua ya 7: Rangi, picha, vipimo

Baada ya saa 24, kaza seli zibaki zilivyo kwa paraformaldehidi asilimia 4 kwa dakika 15 hadi 20. Mimina taratibu, tena pembeni mwa kisima; ncha za ukuaji, yaani ncha za mbele za nyuzi zinazoota, hung'oka kwa mkondo mdogo tu. Tumia kingamwili ya tubulini beta-III kuonyesha nyuroni, faloidini kuonyesha aktini ya ncha ya ukuaji, na DAPI kwa viini.

Ncha hiyo, ambayo Santiago Ramón y Cajal aliielezea mwaka 1890 kutoka kwenye viinitete vya kuku, inastahili picha zake za pekee. Wakati mwingine peptidi haiongezi urefu hata kidogo lakini inapanua ncha au kuongeza vidole vyake, na anayepima urefu tu atalikosa.

Kwenye programu ya Fiji, fuatisha kila nyuroni upate urefu wa kichipukizi kirefu kuliko vyote, jumla ya urefu, idadi ya matawi, na asilimia ya nyuroni zenye kichipukizi kinachozidi vipenyo viwili vya mwili wa seli. Anayepima asijue kisima kipi kina nini. Mwombe mwenzako abadilishe majina ya faili. Chagua maeneo ya kupiga picha kwa kanuni uliyoiweka mapema, si kwa uzuri wa nyuzi.

Kisha takwimu. Nyuroni 300 kutoka kwenye kiinitete kimoja si sampuli 300. Ni sampuli moja iliyopimwa mara 300. Fanya jaribio kwa makundi ya mayai ya siku tofauti, upate wastani wa kila mara, au tumia modeli mseto inayotambua kiinitete na kisima. Ukiona thamani ya p yenye sifuri nyingi kutokana na yai moja, usiiamini.

Hatua ya 8: Je, ni nyuroni au jirani yake?

Douglas Brenneman na wenzake waligundua kwamba kwenye seli za uti wa mgongo zilizooteshwa, VIP iliokoa nyuroni kwa kupitia seli saidizi, ambazo ziliitikia kwa kutoa vitu vya kulinda neva. Kwa hiyo jiulize jambo hilohilo. Otesha seli za Schwann peke yake na peptidi kwa siku moja, chuja kimiminika chake, kiweke kwenye nyuroni zilizotawanywa pamoja na PACAP6-38 ili peptidi iliyobaki isifanye kazi. Nyuzi zikiota, ujumbe umepitia kwa jirani.

Kama ni nyuroni yenyewe, fuata njia ya ndani. Foskolini hupandisha cAMP bila kipokezi. Ikiiga PACAP, njia hiyo inatosha. Kizuizi cha kinasi A (kimeng'enya kinachoamshwa na cAMP), kama H-89 au bora zaidi Rp-cAMPS, kikiondoa athari, njia hiyo ni ya lazima. U0126 hufunga njia ya ERK, njia nyingine ya ujumbe ndani ya seli. Mwaka 2003 maabara za utafiti wa chura wa Xenopus zilionyesha kwamba ncha za nyuroni za uti wa mgongo hugeukia upande PACAP inakotoka, kwa njia ya cAMP. Hilo linakukumbusha kwamba peptidi iliyosambaa sawasawa kwenye kisima inaficha habari: ndani ya kiinitete hutoka upande fulani. Ukiwa na uwezo, weka shanga ya agarosi iliyolowekwa peptidi kando ya ganglia, uhesabu nyuzi za upande wa shanga dhidi ya upande wa pili.

Hatua ya 9: Rudi ndani ya kiinitete

Kisima kinaonyesha peptidi inaweza nini, si kwamba inafanya hivyo kweli. Fungua dirisha kwenye ganda, weka shanga yenye kizuizi karibu na ganglia kwenye umri ule kipokezi kilipoonekana, ziba kwa utepe, na baada ya siku mbili hesabu nyuroni na ufuatilie neva za mguu. Kizuizi ndani ya kiinitete kina uzito kuliko peptidi ya kuongeza, kwa sababu kinagusa ile iliyopo tayari.

Kuku ana upungufu mmoja: hana mama wa kumlisha kwa damu. Kwa panya, utafiti wa Pierre Gressens na wenzake ulionyesha kwamba VIP huharakisha ukuaji wa kiinitete kizima, na kuizuia kati ya siku ya 9 na ya 11 ya mimba kulileta watoto wenye vichwa vidogo. Chanzo cha VIP hiyo mapema kilionekana kuwa upande wa mama. Swali la aina hiyo halipimiki kwenye yai.

Usishangae pia ukimwondolea panya jeni nzima ya PACAP na kukuta anazaliwa akiwa na ubongo usio na hitilafu kubwa ya wazi, ingawa wengi hufa katika wiki za mwanzo. VIP na vipokezi vya VPAC bado vipo na vinaweza kuziba pengo. Kabla ya kuandika kwamba peptidi haihitajiki, rudia jaribio hilo VPAC zikiwa zimefungwa, na uangalie siku zilezile ambazo PCR yako ilionyesha kipokezi, si mnyama aliyekwisha kukomaa.